MUULIZE FUNDI: Ngalawa bila mwembe

Mwezi huu nilikua nimepanga nijibu maswali ya injini za kufunga nyuma ya boti, ila barua za foamu zimekua nyingi mpaka nikaona basi, tuzimalize zote kwa mkupuo. Inaonekana wengi mnataka kitu kimoja: chombo kidogo cha tanga chenye mbawa mbili pembeni kama ngalawa, ila gogo la mwembe la kuchonga halipatikani au likipatikana bei yake unaweza kununua pikipiki, kwahiyo mnataka plaiwudi katikati na foamu pembeni. Sawa. Ile mbawa inayoelea mi nitaiita chelezo, najua kila pwani ina jina lake, wengine mrengu, wengine matengo, msinipigie kelele. Barua nimezifupisha, kuna moja ilikua kurasa nne na mbili zote zilikua zinamhusu shemeji yake.

*

Shikamoo fundi. Nipo Kigamboni, nimeshamaliza mwili wa boti kwa plaiwudi, urefu mita 5, upana juu sm 70, chini bapa. Tanga nataka la pembetatu kama la ngalawa, mita za mraba 7 hivi, turubai. Sasa nina foamu nyeupe nyingi, nimeikusanya kwenye maboksi ya TV na friji dukani kwa mjomba, nataka nitengeneze vyelezo viwili, kila kimoja mita moja na nusu, sm 20 kwa 20. Vitatosha? Na vikae umbali gani? — Baharia Mtarajiwa

Marahaba mwanangu. Jibu fupi ni hapana, havitoshi. Jibu refu ndo hili, tafuta kalamu.

Kwanza tuelewane kazi ya chelezo. Wengi wanadhani chelezo ndo kinabeba boti. Boti inajibeba yenyewe, huo mwili wako wa mita 5 ndo unabeba watu na kila kitu. Chelezo kazi yake ni kukataa boti isilale upepo unapolisukuma tanga, kama mtu aliyelewa ameweka mkono ukutani, mkono haumbebi ila ukiutoa yuko chini. Na nguvu ya huo mkono inatoka kwenye vitu viwili tu: kinaingia lita ngapi, na kiko mbali kiasi gani na katikati ya boti. Unazidisha moja kwa nyingine, basi.

Twende na chako. 150 mara 20 mara 20 ni lita 60. Lakini huwezi kuburuza boksi baharini, utachonga pua na mkia, na ukishachonga theluthi imeondoka, umebaki na lita 40 hivi. Lita ya maji ya chumvi ni kilo moja na ushee kwahiyo weka kilo 41. Kikikaa mita 1.2 toka katikati ya boti unapata kama 50. Ishike hiyo 50.

Sasa tanga. Mita za mraba 7 kwenye upepo wa noti 15 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), ambao kipindi cha kusi ni upepo wa mchana tu wala sio dhoruba, linasukumwa kama kilo 30. Na katikati ya tanga pako juu mita mbili na nusu hivi kutoka pale maji yanapoizuia boti kwa chini. 30 mara 2.5 ni 75. Umeona mwenyewe, una 50 mkononi na unadaiwa 75, chelezo kinazama chote na wewe unakifuata. Na upepo una tabia moja mbaya ambayo watu hawaizoei mpaka uwafundishe wenyewe: spidi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Toka noti 15 kwenda 20, ambayo ni kijimpulizo tu kimetoka nyuma ya wingu, ile 75 inakua kama 135.

Mi ningekwambia hivi: urefu mita 3.2, upana sm 25, kina sm 28. Boksi lake ni lita 224, ukishalichonga vizuri linabaki kama sita ya kumi, lita 134, yani kilo 137. Kiweke mita 1.3 toka katikati, unapata 178. Hapo noti 20 zikija unapumua, na wewe ukihamia upande wa joshi, kule upepo unakotoka, unaongeza chako juu yake. Angalia pia kwa upande wa uzito: mwili kilo 55, watu wawili 140, mlingoti na foromali (mti unaoshika tanga) na tanga na nanga na dumu la maji 25, miti ya kupita juu na vyelezo vyenyewe 30, jumla 250. Kipimo cha haraka ninachotumia mimi kwa chombo cha kutembelea ni kwamba chelezo kimoja peke yake kibebe zaidi ya nusu ya jumla hiyo. Wale wa mashindano wanaenda mpaka jumla yote na kuzidi, lakini na miti yao inabidi iwe ya kazi hiyo, tutafika huko.

Najua swali linalokuja: mbona ngalawa ya babu mbawa zake ni kibao chembamba tu, hakina hata lita 15, na inaenda Mafia na kurudi? Ndio. Kile kibao kimelazwa kwa mshazari makusudi, chombo kikikimbia maji yanakigonga kwa chini yanakinyanyua, kama jiwe bapa unalorusha juu ya maji likawa linaruka ruka. Ni akili kubwa sana, ila inafanya kazi chombo kikiwa kwenye mwendo. Kikisimama kibao kinazama kimya kimya, ndo maana unaona yule kijana kwenye ngalawa hakai, anapanda juu ya mti anashuka, anapanda anashuka, yeye ndo lita zinazokosekana. Foamu inanyanyua hata mmesimama mnakunywa chai. Ukitaka boti ya kwenda na watoto, foamu. Ukitaka mbio na una kijana wa kupanda mti, kibao cha babu bado hakijapata mpinzani kwa bei yake.

Mambo mengine matatu kabla sijakuachia. Vyelezo vyote viwili visiguse maji kwa wakati mmoja, boti ikiwa wima viache sm 5 mpaka 8 juu ya maji, la sivyo unaburuza vitatu na hageuki mtu. Pua ya chelezo iende mbele karibu na pua ya boti na iwe nene, usiichonge kama kalamu, maana tanga halisukumi pembeni peke yake linasukuma na mbele, na chelezo chembamba puani kinachimba, boti inapiga pindu kwa pua, hiyo ajali ni mbaya kuliko kulala ubavu. Na kwa sababu chini yako ni bapa, upepo utakusukuma pembeni kama karai. Weka ubao wa kushusha majini ubavuni, eneo lake robo mita ya mraba panatosha, bila huo hutapiga bisha, yani kupanda kinyume cha upepo, utaishia kwenda upepo unakotaka.

Foamu ya TV. Kata kipande sm 10 kwa 10 kwa 10, hiyo ni lita moja kamili, kipime kwenye mizani ya jikoni. Gramu utakazosoma ndo kilo kwa mita ya ujazo. Ikisoma 15 ni nyepesi sana na punje zake zimeachana, maji yatapita katikati ya punje na hayatoki tena. Ikisoma kuanzia 20 tunaweza kuongea kama utaifunika yote kwa faibaglasi bila kuacha tundu la sindano. Bora kuliko zote ni ile ngumu ya mabamba, ya bluu au pinki, wanayojengea vyumba vya baridi vya samaki, inasoma 30 na kitu na ukiikata huoni punje. Ulizia kwenye makampuni yanayobomoa vyumba hivyo, mabaki wanatupa. Kwa vipimo nilivyokupa foamu ya chelezo kimoja ni kilo 4 tu, na pamoja na nguo yake ya faibaglasi na rangi ni kama kilo 8.

*

Fundi nisaidie nalia. Nimechonga chelezo mita 3 wiki nzima, nikakivalisha nguo ya faibaglasi nikapaka rezini jioni, nikaingia ndani kuoga, natoka naona kimekunja uso kama mzee, asubuhi kuna pango. Rezini nilichukua kwa jamaa anayetengeneza bampa za magari. — Nimeishiwa, Tanga

Pole sana ndugu yangu, na hauko peke yako, hii ni barua ya tatu ya aina hii. Rezini ya bampa ni poliesta, na ndani yake kuna kimiminika kinaitwa stairini. Foamu yako jina lake ni polistairini. Yani umepaka mtoto kwa mama yake, wamerudiana, ameyeyuka ndani ya dakika chache. Wala jamaa wa bampa hana kosa, kwenye bampa anafanya kazi vizuri tu.

Foamu nyeupe, ya bluu, ya pinki, zote hizo ni polistairini na zinataka epoksi, rezini ya aina nyingine isiyo na stairini. Epoksi ni ghali, najua, karibu kila mtu akisikia bei anarudi kunitukana. Ukitaka kubaki na poliesta badilisha foamu, tafuta ile ya njano ya poliurethani, inavumilia. Kama hujui umeshika nini dondoshea tone la petroli kwenye kipande cha pembeni, kikiyeyuka ni polistairini. Na kwa mantiki hiyo hiyo usije ukaweka dumu la petroli juu ya chelezo chenye mchubuko.

Kuna watu wanapaka gundi ya mbao au rangi ya maji kwanza kama ngao alafu poliesta juu. Nimeona imekubali mara moja na imekataa mara nyingi, tundu moja tu la upana wa sindano linatosha stairini kuingia, na utajua baadae sana.

Epoksi yenyewe pima kwa kipimo, usikadirie kwa jicho, ukizidisha hadena haikauki haraka inabaki nata maisha. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana, kwa joto la Tanga ukiacha nusu lita kwenye kopo inachemka yenyewe inatoa moshi. Vaa glavu hata kama unajiona mwanaume, mwili ukishaikataa epoksi haurudi nyuma, kila ukiisogelea unawashwa. Na kama unakata foamu kwa waya wa moto, ule wa jiko la umeme na betri ya gari, kata hiyo ya polistairini tu tena nje kwenye upepo. Ya njano kata kwa msumeno. Moshi wa ile njano ni sumu ya kuua, sitanii.

*

Fundi, salaam kutoka Kilifi. Boti yetu ya mbawa mbili ilikuwa yaenda vizuri sana miezi miwili. Vyelezo vya foamu, epoksi, kila kitu sawa. Miti ya kupita juu ni mvinje wa sm 7, tumeibana kwa bolti za milimita 12 kutoka juu hadi chini, upande wa boti na upande wa chelezo. Juzi tukitoka kriki, wimbi la pili tu, mti wa mbele umekatika kwa bolti na chelezo kikabaki chaning'inia. Tumerudi kwa kasia. Sasa wenzangu wasema tuweke bolti kubwa zaidi, za 16. Wasemaje? — Tumechoka Kupiga Kasia

Nasema asanteni kwa kuandika maana hii ndo barua niliyokua naisubiri. Watu wananiuliza foamu, foamu, foamu, na foamu mwaka mzima sijaona imeua mtu. Chombo cha mbawa hakivunjiki kwenye foamu wala kwenye plaiwudi, kinavunjika pale viwili vinapokutana. Na bolti ya 16 itavunja mti wenu mapema kuliko ya 12.

Shika fimbo uikunje kwa mikono miwili. Uso wa juu unavutwa, wa chini unabanwa, katikati hakuna kinachojua kinachoendelea. Nguvu yote ya mti iko kwenye ngozi ya juu na ngozi ya chini. Sasa nyie mmechukua keekee mkatoboa kutoka juu mpaka chini, mmepasua ngozi zote mbili, tena mmetoboa pale ubavuni mwa boti ambapo mti unakunjwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Mngeutafutia pa kukatikia msingepata pazuri zaidi.

Alafu unene. Chukua chelezo cha kilo 137 kama cha yule wa Kigamboni, kiko sm 95 toka ubavu wa boti. Kwenye utulivu miti miwili inagawana, lakini wimbi likija kwa pembe mti mmoja unapokea wote peke yake, kwahiyo hesabu kama uko mmoja. Mvinje wa sm 7 mbichi kidogo, wenye kifundo mahali, unakua ukingoni kabisa hata bila tundu. Habari nzuri ni kwamba nguvu ya mti wa duara inakua kwa unene mara unene mara unene, toka sm 7 kwenda 9 ni kama mara mbili, na uzito unaongezeka theluthi mbili hivi tu. Tafuteni wa 9 ulionyooka, mvinje kwenu unalimwa kama mahindi hamna kisingizio, uukaushe kivulini wiki kadhaa. Boriti za mikoko ni nzuri zaidi lakini mikoko ina vibali vyake, msiniletee kesi.

Na mfunge kwa kamba. Najua kijana wa siku hizi akiambiwa kamba anaona umasikini, anaona bolti ya chuma ndo maendeleo. Mkumbukeni marehemu James Wharram, Mwingereza mchora boti, 1954 alijijengea katamarani (boti ya miili miwili) yake ya kwanza, Tangaroa, futi 23 na nusu tu, akavuka nayo Atlantiki mpaka Trinidad, na baadae michoro yake aliyowauzia watu dunia nzima mingi inafunga mihimili kwa kamba, vyombo vya futi 40 na kuzidi. Hakubuni yeye, kajifunza kwa watu wa Pasifiki, ambao ni ndugu wa hao hao waliovuka bahari toka visiwa vya Asia mpaka Bukini (Madagaska) na ndo wanaohesabiwa kutuachia huu mrengu wenyewe. Fungo la kamba linatoa kidogo wimbi likipiga alafu linarudi. Bolti haijui kutoa, inajua kukata.

Upande wa boti, chongeni kitako cha mbao ngumu kilicholaliwa na mti, kama nusu ya bakuli, mti usizunguke, alafu kamba ipite chini ya kipande kilichogundishwa na kupigwa faibaglasi ndani ya ubavu. Kamba iwe poliesta, sio nailoni, nailoni ikilowa inarefuka na mtakaza kila asubuhi. Mizunguko 6 mpaka 8, alafu mnazungusha katikati ya mizunguko kuibana, hapo ndo inalia.

Upande wa chelezo ndo wengi mnaharibu. Hamuwezi kufunga mti juu ya foamu moja kwa moja, foamu ngumu kabisa ya bluu inabonyea kwa kilo mbili tatu kwa kila sentimita ya mraba, kamba itaingia kama kisu kwenye siagi. Chelezo kipasueni katikati kwa urefu, kama mnapasua muhogo, katikati gundisheni ubao wa plaiwudi wa milimita 9 unaotoka puani mpaka mkiani na kutoka juu mpaka chini. Pale miti inapopita ubao uwe na masikio yanayochomoza juu, yenye matundu, na kamba ifungwe kwenye masikio. Sasa mzigo unaingia kwenye ubao, ubao unaugawa kwa urefu wote, foamu inapata kazi yake ya kuelea tu. Kingo za matundu zipakeni epoksi maana maji huingilia hapo hapo. Wengine wanafunga kwa mikanda ya tyubu ya gari badala ya kamba, na upande wa chelezo mimi naipenda sana, inavutika vizuri, ila jua linaila, ibadilisheni ikianza kupasuka nyufa nyufa na msisubiri ikatike.

Wale wenzako wa bolti 16 wapelekee hii kwanza wakiwa wameshakula.

*

Salaam fundi, nauliza toka Lamu. Foamu huku ni shida. Naweza kujaza chupa za plastiki za maji ndani ya chelezo cha plaiwudi badala yake? Au ndara za zamani, kama ile jahazi ya ndara iliyojengwa hapa? — Mwana wa Shela

Waalaikum salaam. Chupa ndio, ndara hapana.

Ile Flipflopi ya kwenu, iliyoshushwa 2018 na mwaka uliofuata ikaenda kwa tanga mpaka Unguja, haielei kwa ndara. Mbao zake zenyewe ni plastiki iliyoyeyushwa ikatolewa kama mbao na mafundi wakaifanyia useremala wa jahazi, ndara ndo zile rangi rangi zimevalishwa nje, kama kanzu. Ukijaza chelezo na ndara utapata chelezo kizito kinachonuka.

Chupa za lita moja na nusu zenye vifuniko vizima ni nzuri kama bima, yani chelezo cha plaiwudi kikitoboka bado kinaelea. Lakini kumbuka chupa hazijazi nafasi yote, chupa ulizozimwaga tu ovyo zinaacha karibu nusu ya nafasi ni hewa tupu ambayo maji yataingia, kwahiyo zipange, ndogo ndogo uzichomeke katikati ya kubwa. Na chupa hazishiki kuta, foamu iliyogundishwa inashikilia plaiwudi isibonyee, chupa haifanyi hivo, kwahiyo plaiwudi yako iwe ya milimita 6 na mataruma, yani mbavu za mbao, ndani kila sm 50. Weka kizibo cha kumwagia maji mkiani, ukifika nchi kavu unafungua, unaacha wazi, kinapumua.

Na plaiwudi, usiamini neno marini lililogongwa muhuri. Nyingi ni zile za kumwagia zege. Chemsha kipande kwenye sufuria saa nzima, tena chakavu, ya mke wangu ilileta maneno. Ikiachana, irudishe dukani.

*

Mambo vipi fundi, nipo Mwanza. Nataka kutengeneza ya vyelezo viwili tu bila mwili katikati, mita 4, foamu tupu, juu nifunge jukwaa la turubai. Watu wawili. Ni sawa na hesabu ya yule wa mbawa mbili? — Mtoto wa Ziwa

Poa. Sio sawa kabisa. Wewe hapo vyelezo vyako ndo boti yenyewe, vinabeba kila kitu, na upepo ukinyanyua kimoja kile kingine kinabaki na mzigo wote peke yake. Watu wawili 140, vifaa 50, jumla 190, basi kila kimoja kisipungue lita 250, na mimi ningeenda 300. Tena ziwani maji ni baridi, sio ya chumvi, lita ni kilo moja kavu, ule ushee wa baharini huna.

Wazo lenyewe ni zuri. Kigoma na Bujumbura wavuvi wa dagaa wanaunga mitumbwi miwili kwa miti tangu zamani, katikati wanashusha wavu chini ya taa, kwahiyo hakuna atakayekushangaa. Tofauti ni kwamba wao hawana tanga juu. Yako ikipinduka haitasimama tena kama ngalawa iliyolala ubavu, italala miguu juu na mlingoti chini, na itatulia hivo hivo kwa furaha kabisa. Dawa yake ni kidumu cha lita 10 kilichofungwa barabara kwenye ncha ya mlingoti, kinaizuia isimalizie mzunguko, unakuta imelala ubavu na mnaweza kuivuta watu wawili. Kibaya kwa macho ndio. Ziwa hilo upepo wa mvua unashuka ghafla na mawimbi yake ni mafupi yamebanana, jaketi la kuokolea liwe mwilini sio chini ya jukwaa. Na ukitaka kubeba wageni wa kulipa nenda kwanza TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini.

*

Salaam alaikum ami. Nipo Muscat, ufukweni hapa kuna vikatamarani vya kukodisha, Hobie 16, nimeambiwa navyo ni vya foamu. Mbona ukigonga vinalia kama ngoma, kwani foamu iko wapi? — Kijana wa Matrah

Waalaikum salaam mwanangu. Foamu ipo, ila haijai ndani, imelaliwa katikati ya ngozi mbili za faibaglasi kama nyama kwenye sambusa, nje faibaglasi, foamu nyembamba, faibaglasi tena, na ndani ya yote ni hewa. Ndo maana boti ya mita 5 na kidogo, 5.05 kamili, inakuja kilo 145 na mlingoti juu. Kile ni kiwanda chenye kalibu. Wewe nyumbani ukiiga utatumia rezini mara tatu na chelezo chako kitakua kizito kuliko cha foamu ya kujaza, fanya ya kujaza. Kwa chelezo cha mita 3 hata hao wa kiwandani hawakushindi kwa mbali.

*

Fundi, chelezo nikipake rangi gani? Mtoto anataka nyeusi, ameona kwenye simu. — Baba Wawili, Bagamoyo

Nyeupe. Foamu ya polistairini inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 75 hivi, na rangi nyeusi kwenye jua la saa nane, chombo kimeanikwa mchangani, inakaribia huko. Inavimba, faibaglasi inaachia, unakuta lengelenge kubwa kama chapati. Mtoto mpe mstari mweusi mmoja pembeni, juu ya maji, sm 3.